Pipi Tano za Mzee Coy

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Dunmoor, upande wa Virginia
Jina la shahidi: Verlene Stamper
Umri: miaka 57
Kazi: muuzaji wa dukani
Makazi: ghorofani, juu ya duka la Ratliff, Barabara ya Mstari, upande wa Tennessee
Tarehe na saa: 23 Septemba 2024, saa tatu na nusu asubuhi
Mpokea maelezo: Sajini Hylton

Mimi Verlene Stamper, mwenye jina hilo hapo juu, nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa na mtu. Sajini ameniambia nina haki ya kukaa kimya na kwamba nitakayosema yanaweza kutumika mahakamani. Nimemwelewa. Ameniambia pia niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nisilete habari za kuambiwa. Hilo nalo nimelielewa, ingawa kwa mji wetu ni sharti gumu.

Nimekuja kwa sababu ya Renda Mullins. Yuko mahabusu hapa tangu Ijumaa, akidaiwa kwamba alimlisha baba mkwe wake, mzee Coy Mullins, pipi za kulevya kupita kiasi huku akijua anachofanya. Watoto wake wawili wamepelekwa kulala kwa watu wasiowajua. Mzee Coy yuko hospitali na hajazinduka. Kaka yangu Dwight Ratliff, ambaye ndiye mwenye duka ninalofanyia kazi, ameandikisha kwenu kwamba alimwonya Renda ampe mzee robo ya pipi moja. Kaka yangu hakusema hivyo. Nilikuwa nimesimama pale.

Duka letu linauza vitu vya hempu: mafuta ya kuchua, majani ya chai, na pipi laini. Hempu ni jamii ya bangi, ila yenyewe haileweshi. Watu wa maabara ndio wanaoikamua na kuigeuza hadi kitoke kitu cha kulewesha. Upande wetu wa Tennessee, mtu aliyetimiza miaka ishirini na moja anaonyesha kitambulisho na kununua. Upande huu nilikoketi sasa, pipi zilezile huruhusiwi kuziweka rafuni. Na kati ya upande na upande ni barabara moja, yenye vibao vidogo vya shaba katikati ya lami kuonyesha mpaka unapopita.

Watu wa upande huu wana migongo inayouma kama wa upande wetu. Kwa hiyo tuna desturi. Asiyeweza kufika dukani anapiga simu, mmoja wetu anatembea hadi kwenye vibao, naye anatembea au anamtuma mtu hadi kwenye vibao, anachukua mfuko wake. Sisi hatuvuki. Tunaita kumpelekea mtu vibaoni. Sijui sheria inaliitaje jambo hilo, na nimewahi kuona askari wa kituo hiki wakingoja pale wakiwa wamevaa nguo za nyumbani. Sajini amesema hilo si la kesi hii. Sawa.

Mzee Coy ana miaka sabini na mmoja. Alichimba makaa ya mawe mpaka uti wa mgongo ukakataa. Mwanawe wa pekee, Lonnie, mume wa Renda, alikufa kwa vidonge vya maumivu alivyoandikiwa na daktari akashindwa kuviacha. Tangu siku ya mazishi hakuna kidonge kilichoingia nyumba ile, hata cha kichwa. Renda alibaki kumtunza mzee, na mzee akabaki kuwalea watoto wa Lonnie. Kwa mgongo wake alikuwa anatumia pipi moja tu ya Delta Nane kila siku, baada ya chakula cha mchana. Miaka miwili sijamwona akiongeza.

Mnamo tarehe 20 Septemba, siku ya Ijumaa, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa dukani na Dwight. Simu ya duka iliita nikapokea. Alikuwa mzee Coy.

“We bibie,” alisema, “bado tu hujapata mume?”

“Nakungoja wewe unyooke mgongo.”

“Basi utazeekea hapo dirishani. Mpe Renda ile yangu ya kijani.”

Nikamwambia ya kijani, yaani Delta Nane, imekwisha, na gari la mzigo halijafika. Iliyopo ni ya zambarau, Pi.

“Chochote ulicho nacho, mradi kisiwe kidonge,” alisema, akakata simu. Mzee Coy hana kawaida ya kuaga. Nilikuwa sijamweleza habari ya robo. Sikuhangaika, kwa sababu dukani kwetu habari ya robo mteja huiona kwa macho yake anapofungua kikopo.

Sajini ameniomba nieleze tofauti ya vitu hivi viwili, maana kwake yeye vyote ni pipi na vyote ni marufuku. Nitaeleza ninavyojua mimi niliyeziuza na kusikiliza waliozila. Mimi si mkemia.

Delta Nane ni ya upole. Mtu akila moja, baada ya saa moja hivi au zaidi kidogo, mabega yanashuka, kinywa kinakauka, anatafuta kitu cha kutafuna, anasinzia kwenye kiti. Maumivu yapo lakini yanakaa chumba cha pili. Kwenye kibandiko chake imeandikwa ishirini na tano, yaani uzito wa dawa iliyomo. Pi ni kitu kingine. Kibandiko chake kinasema tano. Mtu anayesoma namba anaona tano ni kidogo kuliko ishirini na tano, na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu namba ile inapima uzito, haipimi ukali. Gramu ya pilipili hoho na gramu ya pilipili kichaa ni gramu ileile, mwulize ulimi. Wanaotuletea mzigo wanasema Pi ina nguvu mara nyingi kuliko ile nyingine. Kila mmoja anataja mara zake, mimi siziamini hesabu zao, lakini nimewaona waliokula. Inachelewa. Mtu anangoja, haoni kitu, anasema amepunjwa, anaongeza. Halafu inakuja yote kwa pamoja, na inakaa hadi kesho yake. Moyo unakimbia. Mtu mzima anashika ukingo wa meza akidhani sakafu inaondoka. Kwa nguvu zinatofautiana mbali, ila kwa sheria ya upande wetu zinakaa rafu moja.

Ndiyo maana tuna utaratibu. Kitu kikiwa kigeni kwa mteja, pipi ya kwanza inakatwa kwa mkasi vipande vinne, na vipande vinawekwa juu kabisa ndani ya kikopo. Mteja akifungua, kabla hajasoma lolote, anaona ukubwa wa kuanzia. Wengi wao hawasomi vibandiko, na maandishi yenyewe ni madogo kama mayai ya chawa. Ndivyo nilivyofundishwa, na kila mteja wetu anaujua utaratibu huo. Renda alikuwa hajawahi kuuona, kwa kuwa mzee hakuwahi kubadilisha pipi tangu Renda aanze kumchukulia.

Nilifungua kikopo cha Pi, chenye pipi kumi. Nilikata moja kuwa robo nne, nikaziweka juu ya zile tisa, nikafunga, nikakiacha kaunta. Dwight alikuwa anatazama.

“Hizo robo za nini?” aliniuliza.

“Hajawahi kula Pi.”

“Mzee wa watu ataona umemtafunia, ataogopa. Akiogopa harudi.”

“Aogope,” nilimwambia.

Wakati huo aliingia mteja, mama wa makamo, akitaka dawa ya kuchua magoti. Niligeukia rafu ya nyuma kumtafutia. Dwight alisema, “Nitampelekea mimi.” Sikumwona akifungua kikopo. Hilo siwezi kulisema na sitalisema. Nilisikia mfuniko, lakini dukani kwetu kuna mifuniko mingi.

Dwight alipotoka nikakumbuka bakuli la Renda. Jumatano alikuwa ametuletea maharage na mkate wa mahindi, na bakuli nilishaliosha. Nikamwacha mteja akinusa dawa yake, nikatoka na bakuli. Ilikuwa saa nne na nusu hivi. Nilifika kwenye vibao Dwight akiwa ameshampa Renda mfuko. Nilisimama karibu nao, karibu kama nilivyo na meza hii.

Renda alikuwa ametoa kikopo, anakitazama kwa nje.

“Mbona zambarau?” aliuliza.

“Kijani imekwisha. Hii ni ileile, namba tu ndogo,” alisema Dwight. “Ile ilikuwa ishirini na tano, hii tano.”

“Kwa hiyo baba ale ngapi?”

“Si umesoma wewe? Tano mara ngapi inafika ishirini na tano?”

“Tano.”

“Basi.”

Akacheka, na Renda akacheka. Nilimpa Renda bakuli lake. Akaniambia, “Shangazi, baba anasema ulinisengenya kuhusu chumvi.” Nikamjibu kwamba maharage yalikosa chumvi na nitasema hivyo hata kanisani. Alirudi upande wake akicheka bado.

Nimeulizwa na Sajini kwa nini sikusema kitu palepale. Najibu kwamba nilidhani Dwight anatania. Dwight humtania kila mtu, hata mchungaji. Na nilijua robo zimo ndani. Nilijisemea moyoni, akifungua ataziona, hakuna mtu anayeziona robo juu halafu akala tano nzima. Nimeishi na jibu hilo tangu Ijumaa na halinisaidii chochote.

Majira ya saa nane mchana, au imepita kidogo, nilisikia sauti ya mwanamume ikipiga kelele upande wa pili. Nilitoka mlangoni. Nyumba ya mzee Coy ni ya pili kutoka barabarani, baraza lake linaonekana kutoka kwetu. Mzee alikuwa barazani, anatambaa kwa magoti, ameinamisha kichwa kama mtu aliye ndani ya shimo la mgodi. Alikuwa anasema, “Dari linashuka. Tokeni, wanangu, dari linashuka.” Alikuwa anawaita watu kwa majina. Mawili niliyajua, ni watu waliofukiwa mgodini miaka mingi iliyopita. Renda alikuwa nyuma yake na taulo lililoloweshwa maji, anambembeleza kwa sauti ya chini. Mzee akainuka ghafla kukimbia, mzee ambaye hajakimbia tangu nimjue. Alikosa ngazi, akaanguka kichwa kikitangulia.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye vibao miguu ilisimama yenyewe kwa mazoea. Halafu nikavuka.

Renda alikuwa amepiga magoti, ameweka kichwa cha mzee kwenye taulo. Taulo lilikuwa linabadilika rangi. Aliniambia, “Nimempa tano, shangazi. Nimempa tano kama alivyosema.” Alirudia hivyo mpaka gari la wagonjwa likafika. Aliwaambia wauguzi, aliwaambia polisi, maneno yaleyale. Dwight alikuwa amesimama mlangoni pa duka upande wetu. Hakuvuka. Polisi walipomfuata hadi vibaoni, nilimsikia akisema, “Nilimwambia robo. Na dada yangu alishazikata, zilikuwa juu. Muulizeni mtu yeyote mjini, dada yangu hukata robo.” Polisi waliniangalia. Nilisema ndiyo, nilikata. Hiyo ilikuwa kweli. Sikujua bado lililobaki, na hapohapo wakamtia Renda pingu.

Renda aliponiangalia akiwa ndani ya gari la polisi sikuweza kumwangalia.

Jioni ileile, majira ya saa kumi na moja, nilikuwa nafagia nyuma ya kaunta. Chini ya kitambaa cha kufutia mkasi niliona vipande vinne vya zambarau. Ni robo zangu. Ninazijua, mkasi wetu una pengo kwenye ncha na huacha alama. Niliangalia rafuni, nikakuta kikopo kingine cha Pi kimefunguliwa na kimepungua moja. Sajini amenionyesha kikopo kilichochukuliwa kwa mzee Coy, kina pipi tano nzima. Kama robo zangu zingekuwa ndani, nzima zingebaki nne, na robo zingekuwepo. Tano alizokula mzee na tano zilizobaki ni kumi. Mtu alitoa robo zangu akaweka pipi nzima.

Nilimwita Dwight nikamwonyesha.

“Uliziondoa,” nilimwambia.

Alikaa kwenye kreti. Hakukataa. Alisema, “Nilitaka mzee achukue tu mzigo. Sikujua angekula zote kwa mpigo.”

“Renda alikuuliza. Ukamwambia tano.”

“Nilikuwa natania, Verlene.”

“Basi kawaambie polisi ulikuwa unatania.”

“Wakijua, wananifunga. Yeye ni mwanamke, ana watoto, watamwonea huruma, watamwachia baada ya wiki. Mimi hakuna atakayenionea huruma.”

Nilimwambia watoto wenyewe wameshachukuliwa. Aliinamisha kichwa, na mimi nilimhurumia, sitaki kuficha hilo. Ni kaka yangu. Mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyenipa chumba juu ya duka na kazi chini yake. Nilimpa muda. Nilimwambia aje mwenyewe Jumamosi. Hakuja. Nilimwambia Jumapili baada ya ibada. Alikusanya sadaka kanisani kama kawaida, akawapiga watu mabegani, akarudi nyumbani akala kuku.

Jana hiyohiyo mchana nilimwambia nitakuja mimi. Aliniambia, “Vipande hivyo ukivuka navyo ile barabara, wewe ndiye utakayekuwa umebeba. Watakufunga wewe. Umefikiria hilo?”

Nilimwambia nimefikiria.

“Na ukivuka usirudi,” alisema. “Chumba nitakifunga.”

Leo asubuhi, majira ya saa tatu, nimeshuka na mkoba mmoja. Dwight alikuwa anafungua duka. Nimevuka barabara nikiwa na robo nne za Pi ndani ya foili ya jikoni, na sasa naziweka juu ya meza hii mbele ya Sajini. Sikupewa na mtu, sikuziuza, sikuzionja. Nimezibeba mwenyewe kutoka Tennessee kuja Virginia, nikijua ni nini. Zipimwe, zilinganishwe na mkasi, mkasi uko kaunta, upande wa kushoto.

Hapa simu yangu imeita. Sajini ameniuliza kama nataka kupokea. Ni Dwight. Sitaki.

Sina ugomvi na kaka yangu na sikulipwa na mtu kuja hapa. Sidhani Dwight alitaka mzee aumie. Nadhani alitaka mzee achukue kikopo, halafu aliogopa, na kwa woga wake akamwacha Renda abebe. Lakini Renda aliuliza. Hilo ndilo ninalotaka liandikwe vizuri. Alisimama katikati ya barabara akauliza mtu anayejua, kwa heshima, mzee ale ngapi, na akafanya alivyojibiwa.

Niliyoyasema ni niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa yote, nimeomba sehemu mbili zirekebishwe na zimerekebishwa. Natia saini bila kulazimishwa.

(Sahihi) Verlene Stamper

MAELEZO YA MPOKEAJI

Mimi Sajini Hylton nimepokea maelezo haya kituoni Dunmoor na kumaliza saa tano kamili asubuhi. Nimepokea kielelezo: vipande vinne vya pipi ya zambarau katika foili. Nimemweleza shahidi kwamba kwa kielelezo hicho anaweza kufunguliwa shtaka yeye mwenyewe. Amejibu: “Najua, andika tu.” Maelezo yamepelekwa kwa mkuu wa kituo pamoja na ombi la kuangaliwa upya dhamana ya Renda Mullins, na watoto wake warudishwe.

Wakati wa kutia saini, kupitia dirisha la ofisi alionekana mwanamume amesimama barabarani kwenye vibao, upande wa Tennessee, bila kuvuka. Shahidi alimtazama. Kisha aliomba jambo moja liongezwe, nami nikaliongeza kama alivyolisema:

“Sehemu ile niliyosema nilifundishwa kukata robo, sikusema na nani. Andika ni Dwight. Mwaka tuliofungua duka alinishika mkono na mkasi, akaniambia nisimwamini mtu yeyote atakayeniambia hakuna haja ya kukata.”